Kichupa Namba Saba

Mwanangu,

Kichupa namba saba kilinuka rangi ya kucha. Nilijua nilipofungua tu kizibo, kabla hata sijakifikisha puani, na bado nikaandika kwenye daftari kwamba ni kizuri. Hakuna ninayemwambia hili kabla yako. Hata Mungu sijamwambia kwa maneno, nimemwachia ajionee mwenyewe.

Sasa umejua. Usikunje karatasi hapa. Jambo lenyewe ni fupi, lakini njia ya kulifikia ni ndefu, na ningependa uipite yote pamoja nami.

Najua umecheka hapo juu, kwenye "mwanangu". Mimi nina miaka kumi na saba na wewe una arobaini na sita. Lakini ni wewe ulianza. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, mimi nikaitwa Wambui, na tangu nikiwa kwenye nepi unaniita mama. Nilipoanza kuongea ukanifundisha kukuitikia "ee, mwanangu" mbele ya wageni, watu wacheke. Shosho mwenyewe, mama aliyekuzaa, alikuwa anakwambia ukitaka kikombe cha pili cha chai, "Muulize mama yako huyo mwingine, mimi nimechoka na wewe." Halafu Shosho akafa, sisi tukiwa huku Doha, na ruhusa ya kwenda kumzika ikatoka akiwa ameshalala siku nne ardhini. Ulikuja ukaketi ukingoni mwa kitanda changu ukasema, "Sasa umebaki wewe tu, mama." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikujua mama husema nini. Nilikuletea maji.

Kwa hivyo naandika kama mama yako. Kama binti yako nisingeweza. Binti angelia, na wewe ungesema "wacha, imeisha, khalas" kabla hajafika kwenye kosa lenyewe. Mama huwezi kumnyamazisha hivyo.

Sitakwambia habari za sweta. Mkamwana wangu, yule ambaye siku nyingine zote namwita Mama, amekupakia tatu, na namsikia huko sebuleni akining'iniza begi kwenye mizani kwa mara ya nne.

"Kilo mbili zimezidi. Toa viatu."

"Nitoe viatu niende miguu mitupu kama nabii?"

"Nabii hakuwa na redio ndani ya begi."

Mnacheka. Ni Ijumaa alasiri, tumetoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, ndege yako ni kesho asubuhi, na mnacheka. Mimi niko chumbani najifanya nasoma kemia. Mtu akipita koridoni nafunika karatasi hii na kitabu, akienda naendelea. Ndiyo maana mwandiko unaruka.

Acha nianzie kwenye maziwa.

Ulikuwa umepona ile homa iliyokulaza wiki mbili. Nilitoka shule nikakukuta umeketi hatua mbili kutoka kwenye jiko, unasoma simu, na maziwa yalikuwa yameshashika chini ya sufuria. Harufu ilikuwa imejaa hadi mlango wa nje. Nikakuuliza, "Baba, husikii?" Ukasema, "Nisikie nini?" Uliniangalia usoni, ukageuka ukaangalia sufuria, ukaelewa kwa macho. Uliinuka ukachukua chungwa ukalikwangua kwa kucha ukaliweka puani. Ukalirudisha tena. Ukalirudisha tena. Kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa.

"Usimwambie mama yako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nesi. Nesi akijua, hospitali itajua. Hospitali ikijua, hoteli itajua."

Nami nilikuwa mtoto wa kuficha vizuri. Ukiwa mtu wa aibu unapata kipaji hicho bure, watu wanadhani umenyamaza kwa kawaida yako.

Nilichojua kuhusu kazi yako wakati huo kilikuwa kidogo. Nilijua ni baa ya hoteli kule Pearl, mtaa wa matajiri, na kwamba kanisani tunasema "hoteli" tu, hatuongezi neno. Sikujua habari za rafu ya nyuma. Ukaja kuniambia baadaye, ukiwa na furaha ambayo sijakuona nayo mahali pengine popote. Ulisema wageni wengi huingia wakaagiza kitu kile kile wanachokunywa kwao, wakaondoka bila kujua kwamba nyuma ya mgongo wako kuna chupa zenye dunia nzima. Brandi ya matofaa ya Wafaransa, inayoitwa calvados. Pisco ya Peru, ya zabibu, nyeupe kama maji. Slivovitz, ambayo watu wa Balkani hupika kwa plamu na kila babu huko anaamini ya kwake ndiyo halisi. Kirsch ya cheri, tunda ambalo mimi nimeliona kwenye keki tu. Na ile chupa yenye peasi zima ndani, ambayo nilikubishia nikidhani wanalisukuma kwa mashine. Ukanieleza kwamba wanafunga chupa tupu mtini peasi likiwa dogo kama kidole, na linakulia humo humo. "Linaona shamba lote, mama," ulisema, "lakini haliwezi kutoka bila kuvunja nyumba."

Wewe hunywi. Ulikuwa ukionja unatema, unarudi nyumbani ukiimba nyimbo za kwaya. Kazi yako ilikuwa kumfanya mtu atamani kitu asichokijua, kwa maneno. Na maneno yalikuwa yanatoka puani.

Basi ukaja na vichupa. Vilikuwa vya atari, yale manukato ya mafuta, vile vidogo vinavyouzwa sokoni Souq Waqif, umeviosha kwa maji moto, na ndani ya kila kimoja pamba uliyoidondoshea matone mawili. Ulivificha ndani ya kopo la chakula, chini ya wali. Ningejua wakati ule ni hatari gani kupita na pombe barabarani katika nchi hii, ningevitupa chooni. Lakini ulivitoa kimoja kimoja, ukasema, "Mama, niambie kuna nini humu."

Nilijaribu kusema, maneno yakakwama. Unanijua. Ndipo ukanipa daftari. "Basi andika."

Na ulinifundisha. Usizamishe pua kama ng'ombe kwenye maji. Fungua mdomo kidogo. Ukali ukikupiga, usipigane nao, dondoshea tone viganjani, sugua, subiri ukali upae, kisha nusa mikono. "Kileo ni kelele," ulisema. "Kikiondoka, tunda linaongea." Tulifanyia bafuni, maana jirani yetu wa upande wa pili wa villa hufukiza uudi kila jioni na moshi wake hupenya hata kwenye swichi za taa. Mama akiwa zamu, sisi tumekaa bafuni kama wezi, wewe kwenye ukingo wa ndoo, mimi kwenye kifuniko cha choo, daftari magotini.

Niliandika kwa Kiswahili. Shuleni nafikiri kwa Kiingereza, lakini pua yangu ilibaki kwetu. Calvados: matofaa yaliyosahauliwa ndani ya sanduku la shule hadi likizo. Pisco: zabibu, halafu ua la mlimau mtu akipita haraka. Ile slivovitz niliinusa nikafumba macho mpaka ukaniuliza kama naumwa. Nikaandika: nyuma ya nyumba ya Shosho baada ya mvua, plamu zilizoanguka zikakanyagwa na punda, na kokwa zimepasuka.

Ulisoma hiyo mara tatu. Macho yako yalikuwa mekundu, ukasema ni ukali wa kile kitu.

Kesho yake ukarudi unacheka peke yako. Ulikuwa umewatafsiria wageni neno kwa neno, pamoja na punda. "Mama, kuna mzee mmoja kutoka Serbia amenishika mkono! Anasema hata kwao kuna punda huyo huyo!" Wageni wakaanza kukuulizia kwa jina. Mwaka mzima, nikitoka shule ambako sijawahi kunyoosha mkono darasani, nilijua kwamba usiku watu wenye saa za dhahabu wanasikiliza maneno yangu kupitia kinywa chako. Sijawahi kuwa mtu mkubwa hivyo. Sijui kama nitakuwa tena.

Sasa lile jambo.

Ulisikia habari ya hoteli mpya kabla hatujaisikia sisi. Kampuni inafungua nyingine nchi ya mbali, wanatafuta msimamizi wa baa, na atakayeongoza vizuri jioni ya kuonjesha pombe za matunda mbele ya wakubwa ndiye atakayekwenda. Ulimwambia Mama jikoni, mimi nikiwa humu ndani. Nilikusikia ukisema, "Miaka miwili ya kwanza hawachukui familia. Miwili tu." Mama akasema, "Miwili si mingi." Halafu nikasikia bomba la maji likifunguliwa, na likaachwa wazi muda mrefu.

Jumapili yake ukaniletea vichupa kumi, vyenye namba.

Sita vya kwanza niliandika kwa uaminifu wote. Cha saba kilikuwa palinka ya aprikoti, ya mpishi mdogo wa kijijini Hungaria, chupa uliyoisubiri miezi. Nikafungua. Rangi ya kucha. Nikasugua viganjani nikasubiri, na ukali ulipopaa hakukuwa na tunda lolote nyuma yake, rangi ya kucha tu. Na nilijua maana yake, kwa sababu ulinifundisha wewe mwenyewe. Ile ya kwanza inayotoka mtamboni hutupwa. Mpishi mwenye haraka, au mwenye choyo, huiacha ichanganyike na nzuri, na kilichobaki hakina dawa.

Ulikuwa umeketi kwenye ndoo. Uliniuliza, "Vipi hicho? Hicho ndicho nitawamalizia nacho."

Nikaandika: aprikoti zilizokaushwa juani, asali kidogo, safi. Kizuri sana.

Nilitaka ubaki. Hiyo ndiyo sababu yote, haina ghorofa ya pili. Nilidhani wakubwa watakunja nyuso, watamchagua mwingine, utarudi nyumbani na huzuni ya wiki moja, na nitakuwa na baba. Niliipima huzuni yako nikaona ni wiki moja. Hilo ndilo linaloniamsha. Uongo wenyewe hauniumi kama vile nilivyokaa nikakupimia maumivu na kuona yanakutosha.

Ulinisimulia mimi peke yangu, siku iliyofuata, tumesimama nje kwenye kivuli cha ukuta tukisubiri basi langu la shule. Ulisimulia kama kichekesho. Ulisema ulifika kwenye palinka, ukawaambia habari za asali na jua, ukawamiminia. Mwanamke mmoja akaweka glasi chini akaangalia kucha zake. Mwingine akasukuma ya kwake katikati ya meza. Wewe ukaendelea, ukasema ndivyo aprikoti za kule zilivyo. Wageni walipotoka meneja akamimina glasi mbili.

"Hii ni nini?"

Ukanusa. "Peasi, bwana."

"Na hii?"

Ukanusa tena, ukaona haichomi kabisa puani, ukadhani ni uzee. "Plamu. Imelala kwenye pipa miaka kumi, si chini ya hapo."

"Yote ni maji," akasema.

Ukapiga paja ukacheka mpaka ukakohoa. "Mama, nimeyasifu maji! Nimeyasifu mpaka nikayapa umri!" Mimi nilikuwa naangalia kifundo cha tai yako ya kazini. Ulikuwa umeifunga asubuhi hiyo kwa mazoea, na hukuwa na kazi tena.

Halafu ukaacha kucheka ukasema lile neno. "Lazima nilichanganya vichupa. Namba saba niliyokupa ilikuwa ya chupa nyingine. Usijilaumu hata kidogo, sawa? Nisamehe kwa kukuingiza kwenye mambo ya watu wazima."

Uliniomba msamaha. Wewe. Mimi.

Nikasema, "Sawa, Baba." Basi likaja. Nikapanda.

Nimekuwa na mwezi mzima wa kusema. Nilijaribu siku ulipomwambia Mama kwamba hoteli imepunguza watu, nikaona anakuamini, nikameza. Nilijaribu tulipokaa mezani mkaamua kwamba visa yako ikiisha utatangulia nyumbani, na sisi tubaki kwa visa yake hadi nimalize shule. Jana nilifika hadi mlangoni pa chumba chenu. Ulikuwa unakunja ile tai taratibu, unaiviringisha kama bendeji, ukaiweka kwenye begi. Sijui utaivaa wapi kule. Nikarudi.

Nilitaka usiende miaka miwili. Sasa unaenda, na hakuna aliyetaja mwisho wake.

Ningekuwa mama wa kweli ningekuwa na busara ya kukupa hapa. Ninayo moja tu, na nimeipata kwa bei yako. Tulikosea jikoni, siku ya kwanza kabisa, tulipokubaliana kwamba kutosikia ni siri. Kama ungesema hotelini "sisikii tena," labda wangekupa kazi ya kupokea wageni, labda wangekufukuza mapema, sijui. Lakini usingemwamini mtu mmoja kwa kila kitu. Mtu mmoja akishika funguo zote, siku akiogopa atafunga mlango hata kama anakupenda. Mimi ninakupenda, na niliufunga.

Na kuna jingine, dogo, ambalo linanitisha kuliko yote. Unakumbuka siku niliporudi nikafungua madirisha yote ukanigombeza kwa kupoteza baridi ya AC? Gesi ilikuwa wazi. Moto ulizimika na gesi ikaendelea kutoka, na wewe ulikuwa umeshika kiberiti uwashe tena. Nilikunyang'anya nikasema nakitaka kwa mradi wa shule. Sikukwambia, kwa sababu ulikuwa na furaha siku hiyo, wageni walikuwa wamekupigia makofi. Nyumba ya Shosho sasa ina mtungi wa gesi. Utakuwa peke yako mle ndani. Mimi nitakuwa huku nikinusa hewa ya mtaa wetu huu wa Umm Salal ambayo haina haja na mimi.

Plamu zitaiva mwezi wa kumi na mbili. Utasimama nyuma ya nyumba na hutasikia kitu. Okota moja iliyopasuka, isugue viganjani, unipigie simu. Nitakwambia kulivyo. Na siku nikiwa nimesahau nitasema nimesahau. Sitakutungia tena.

Mizani imewekwa chini. Nasikia Mama akikwambia uweke maziwa ya chai motoni yeye akikunja shuka, na wewe unasema "haya, yalla, madam," na yeye anakuambia uache kumharibia mtoto Kiswahili.

Nataka kuandika mwisho mzuri, lakini siupati. Nimetazama ukuta muda mrefu. Nimefuta sentensi mbili.

Maziwa yanashika chini.

Nayasikia kutoka huku. Uko hapo hapo jikoni, najua, maana nasikia kijiko chako kikigonga kikombe. Siku zote ningekuwa nimeshatoka mbio, nizime jiko, niseme ni mimi niliyeyasahau.

Sijainuka.

"Baba Wambui!" Ni Mama, yuko mlangoni pa jikoni. "Maziwa yanaungua mbele ya uso wako! Kwani husikii harufu?"

Nasikia jiko likizimwa.

"Nakuuliza. Husikii?"

Kijiko kimewekwa chini. Hizo ni kandambili zako, ile ya kushoto huburuta. Unakuja kwangu kama unavyokuja siku zote, unitafute nikusemee. Na nyuma yako kuna miguu mingine, haraka zaidi, miguu isiyovaa kitu.

Kitabu cha kemia kiko karibu na mkono wangu. Nimekisukuma kikaanguka chini ya kitanda. Karatasi iko juu ya meza, uso juu, wino wa hapa mwisho haujakauka.

Mlango hauna kufuli, mwanangu. Sukuma.